Kopo la Nyama na Neno Hapana

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili, tukikutana na jina la Roger Casement, tunakutana nalo Kongo. Mimi pia. Mwaka 1903, akiwa konseli wa Uingereza, alipanda mto hadi Kongo ya Juu, akawasikiliza watu, akaandika. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904, na ndani yake kuna jambo ambalo tangu nilisome halijaniacha. Ili wanaume waende msituni kutafuta mpira, mawakala na askari wao waliwakamata wanawake wa kijiji na kuwafungia. Mpira ukija, mke anatoka. Usipokuja, anabaki humo humo na njaa yake. Ungepita njiani asubuhi ungemwona mwanamume anatembea kwenda msituni kwa miguu yake mwenyewe, hana pingu, hana mtu nyuma yake. Ungeweza kusema amekubali kazi. Casement hakusema hivyo. Aliiita hali ile kwa jina lake, na ndiyo sababu tunamkumbuka.

Miaka kumi na mmoja baadaye mtu huyo huyo alisimama ndani ya seng'enge ya kambi ya Limburg, Ujerumani, mbele ya watu wenye njaa, akiwaomba wamkubalie jambo.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi. Casement alikuwa Mwairishi. Aliacha utumishi wa serikali ya Uingereza mwaka 1913, na vita vilipoanza mwaka uliofuata aliamini kwamba adui wa Uingereza angeweza kuwa rafiki wa Ireland. Wakati huo Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza, na maelfu ya vijana wake walikuwa wamevaa sare ya jeshi la Mwingereza. Baadhi walitekwa katika wiki za kwanza kabisa. Casement alikwenda Berlin akawashawishi Wajerumani wawakusanye mateka Waairishi mahali pamoja, ili awaundie brigedi ya kupigania uhuru wa nchi yao. Walikusanywa Limburg, zaidi ya 2,000. Waliojiunga hawakufika 60.

Swali langu linaanzia hapo. "Ndiyo" ya mtu mwenye njaa ina uzito gani? Na "hapana" yake je?

Mkataba wa Hague wa 1907 ulisema mateka alishwe sawa na askari wa jeshi lililomteka. Kwenye karatasi ni sentensi nzuri. Lakini meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimeifungia Ujerumani njia za baharini, na chakula kikapungua kwa raia, kwa askari, na kwa mateka zaidi ya wote. Mateka alipewa mkate mweusi uliochanganywa viazi, supu nyepesi, na kinywaji kilichoitwa kahawa ingawa mara nyingi hakikuwa na kahawa ndani. Mtu hafi siku hiyo. Anadhoofika taratibu, na kila anachofikiria kina harufu ya chakula. Waswahili wamesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na nadhani hilo linatuhusu sisi tunaowasomea watu hawa kesi zao tukiwa tumekula.

Limburg, hata hivyo, hawakuanza kwa njaa. Walianza kwa asali. Waairishi waliahidiwa hali bora kuliko mateka wengine, wakaletewa na mapadri wa dini yao. Wazo lilikuwa rahisi: mtendee mtu vizuri, atakukumbuka. Hapo ndipo manaodha wa safari hii walipopata jibu wasilolitarajia. Mwishoni mwa 1914 masajini wa Kiairishi waliandika barua ya heshima kabisa, ya kufikishwa kwa Kaisari mwenyewe. Walishukuru. Kisha wakaomba upendeleo ule uondolewe, isipokuwa kama utatolewa pia kwa mateka wenzao wa jeshi la Uingereza, kwa kuwa, pamoja na kuwa Waairishi na Wakatoliki, wao ni askari wa jeshi hilo.

Naipenda barua ile, ingawa siupendi ufalme walioutumikia. Angalia hawakusema hawana njaa. Hawakusema chakula cha adui ni haramu. Walisema: kiwe cha wote au kisiwepo. Waliitambua zawadi yenye kamba, na badala ya kubishana na kamba wakairudisha zawadi.

Casement alipokuja kuwahutubia, wapo waliomzomea, wengine wakamsukumasukuma. Aliporudi Ireland kwa nyambizi ya Kijerumani Aprili 1916 alikamatwa, na Juni akashtakiwa London kwa uhaini. Baadhi ya mashahidi walikuwa mateka wa Limburg waliorudishwa nyumbani katika mabadilishano ya wagonjwa na walemavu. Walisema baada ya kukataa, posho yao ilipunguzwa. Casement alikana kwa hasira kwamba aliwahi kuwakatia watu wake chakula. Alisema chakula kilipungua Ujerumani nzima, na kilipunguzwa na vizuizi vya Waingereza wenyewe. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Mimi namwamini kwamba hakutoa amri ile. Sioni katika maisha yake yote mtu wa kutoa amri kama hiyo. Lakini kumwamini hakunitoshi. Hakuhitaji kupunguza posho, ilitosha kwamba ilikuwa imeshapungua, na yeye alisimama pale akiuliza. Mtu aliyeziona nyumba za mateka wa Kongo alijua kuliko yeyote katika Ulaya yote kwamba miguu inaweza kutembea yenyewe na bado isiwe huru. Pengine ubaya wa kuamini sana jambo la haki ni huo: unaona minyororo ya kila mtu isipokuwa ile inayokuletea watu mlangoni kwako.

Basi vifurushi.

Tangu miezi ya mwanzo ya vita, familia, parokia, maduka na vyama vya wanawake, Dublin na London, walianza kufunga chakula na kukituma. Mkataba ule ule wa Hague ulisema kifurushi cha mateka hakilipiwi posta wala ushuru. Kwa hiyo mama mwenye jirani mwenye kopo moja la ziada aliweza kutuma kitu, kikavuka bahari hadi Uholanzi, kikapanda treni ya adui, kikafika. Nyama ya kopo, maziwa ya kopo, majani ya chai, sukari, jamu, biskuti, jibini, mafuta ya nyama, sabuni, sigara. Kambini wakaguzi waliyafungua makopo kutafuta dira au ujumbe uliofichwa, na mkaguzi mwenye roho mbaya aliweza kumimina jamu, samaki na maziwa katika bakuli moja. Mateka alikula hivyo hivyo.

Kifurushi kile kilibadilisha maana ya swali lililoulizwa kambini. Mtu akija kukuambia jiunge nasi, utashiba, na tumboni mwako kuna nyama ya kopo iliyotoka kwa watu ambao hawapo pale kukuuliza kitu, unaweza kumsikiliza. Unaweza hata kumkubalia, kwa sababu umeshawishika. Nataka kulisema hili wazi kwa sababu ya wale hamsini na kitu waliojiunga, ambao wamesemwa kwa muda mrefu kwamba waliuza uaminifu wao kwa mkate. Huenda wapo waliofanya hivyo. Huenda wapo walioipenda Ireland kweli kweli. Hakuna wa kuwatenganisha sasa, na ubaya wa njaa kwa mtu mwenye imani ni huo hasa: inamwibia ushahidi wa imani yake. Walihamishiwa Zossen karibu na Berlin, wakapewa sare ya kijani, na hawakupigana vita hata kimoja kwa jina la Ireland.

Sasa upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi kwangu. Waliotuma vifurushi hawakuwa malaika wasio na upande. Wengi wa mabibi wale wa kamati waliviamini vita, na walitaka askari wa Mfalme abaki askari wa Mfalme. Kiswahili chetu kina neno linaloufunua mtego huu bila kutaka: posho. Posho ni chakula anachogawiwa mtu, na posho ni fedha anazolipwa juu ya mshahara. Mateka wa Limburg alikuwa na posho mbili. Moja ilikuwa ya supu mikononi mwa Mjerumani. Nyingine ilikuwa fedha ambazo serikali ya Uingereza ilimlipa mke wake kila wiki huko Dublin au Cork kwa sababu mume yuko jeshini, na kwa nyumba nyingi maskini fedha hiyo ilikuwa ya uhakika kuliko mshahara wowote waliowahi kuupata. Akisema "ndiyo" kwa Casement, watoto wake watakula nini? Kwa hiyo hata "hapana" ilikuwa na kamba, ndefu tu zaidi, iliyovuka bahari.

Nimelizungusha hili kichwani muda mrefu. Nilipofika ni hapa: tofauti haiko katika nia ya mtoaji. Ukisubiri mtoaji asiye na nia, wenye njaa watakufa ukiwa unamtafuta. Tofauti iko katika kama chakula kinangoja jibu. Supu ya kambini ilingoja jibu, au wenye njaa waliamini inangoja, na kwa mwenye njaa hayo mawili ni kitu kimoja. Fedha ya mke ilingoja jibu. Kifurushi, kwa kiasi kikubwa, hakikungoja. Kilikuwa kimeshafungwa wiki kadhaa kabla, na mtu asiyejua utaulizwa nini. Kilimfikia shujaa, mwoga, na mwizi wa blanketi za wenzake.

Kilimfikia, lakini hakikuwafikia wote sawa, na hapa yeyote aliyesoma shule ya bweni ataelewa haraka. Kwetu kulikuwa na Jumapili ya kutembelewa. Wapo waliokuja na hotipoti tatu, pilau, kuku, na mjomba mwenye gari. Wapo waliokaa dirishani hadi saa kumi. Jioni aliyeletewa aligawa, na kila aliyepokea alijua amepokea kutoka kwa nani. Hakuna aliyedai chochote. Lakini kesho yake mtu akihitaji wa kumfulia soksi, hakuhitaji kutafuta mbali.

Kambini ilikuwa hivyo hivyo, kwa miaka badala ya Jumapili. Mwenye parokia tajiri alipata vifurushi mpaka vinamzidi. Yatima hakupata. Ndipo serikali na Msalaba Mwekundu walipoamua kupanga. Kuanzia Desemba 1916 Kamati Kuu ya Mateka wa Vita iliyoundwa London ilichukua usimamizi wote. Kila mateka angepata vifurushi vitatu kila wiki mbili, kila kimoja cha karibu kilo nne na nusu, pamoja na kilo sita hivi za mkate uliookwa Bern au Copenhagen, ili usifike umeota ukungu. Kamati za vikosi, pamoja na zile za vikosi vya Kiairishi, ziliendelea kufunga, lakini kwa kibali na kwa kipimo. Hadi vita vinakwisha vifurushi vya chakula vilivyotumwa kwa mateka wa jeshi la Uingereza vilikuwa kama milioni tisa. Na mama mzazi? Mama alikatazwa kumfungia mwanawe chakula kwa mkono wake. Angeweza kutoa fedha, kamati ingefunga.

Kulizuka kelele. Magazetini, bungeni, kila mahali. Nikizisoma hoja nawaelewa wote wawili, na hilo linaniudhi. Kamati ilikuwa sahihi: upendo haugawi sawa, na mwenye njaa asiye na mama ana tumbo kama la mwenye mama. Kina mama walikuwa sahihi pia: kifurushi cha kamati kinashibisha, lakini hakijui kwamba Patrick hali jibini. Kilichofungwa na mama kina kitu ambacho si kalori. Mwaka 1917 waliruhusiwa tena kutuma kifurushi binafsi kidogo, mara moja kwa miezi mitatu, na kwa mpangilio ule mtu alipata usawa kila wiki na mama yake mara nne kwa mwaka. Sijaona suluhisho bora zaidi kwenye mashirika ya misaada ya leo.

Kulikuwa pia na kadi. Ndani ya kifurushi iliwekwa postikadi iliyochapishwa tayari, ya mateka kuandika kwamba amepokea. Ilikuwa na kazi ya maana: bila kadi, kamati haikujua kama mizigo inaibwa njiani. Lakini wafadhili walioitwa "walezi", waliokuwa wamejitolea kumlipia mateka mmoja, waliingoja kadi ile kwa moyo mwingine. Jijini Dublin zimehifadhiwa mamia ya barua ambazo askari waliokuwa mstari wa mbele walimwandikia binti mmoja, Monica Roberts, aliyeanzisha kikundi cha kuwatumia soksi, sigara na vitu vidogo vidogo. Barua za shukrani hufanana. Mtu anashukuru kwa soksi, anasema ni nzuri mno, anatoa salamu. Nikisoma shukrani za aina hiyo huwa najiuliza kama mwandishi yuko huru kusema soksi zilikuwa ndogo.

Hapo ndipo naupima msaada. Kama aliyekula anaweza kunikatalia hata mimi niliyemlisha, na chakula cha wiki ijayo kikaja bado, basi nimempa chakula. Kama hawezi, nimekodi mtu.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa uchi, tazama Italia. Serikali yake iliwaona mateka wake kama watu waliokimbia vita. Ilihofu kwamba askari akijua kuna mkate kambini atajisalimisha, kwa hiyo ilikataa kuwapelekea chakula cha serikali kama walivyofanya washirika wake, na hata vifurushi vya familia vilikwamishwa. Mateka Waitalia walikuwa kama 600,000. Waliokufa utekani ni kama 100,000, wengi kwa njaa na magonjwa yanayofuata njaa. Aliyewanyima alikuwa wao wenyewe. Walinzi wa Kongo walitumia njaa ya mke kumpeleka mume msituni. Roma ilitumia njaa ya mateka kumzuia mwenzake asitoke kwenye handaki.

Na Warusi. Katika kambi nyingi walikuwa upande wa pili wa seng'enge, wengi kuliko wote na bila mtu wa kuwatumia. Mateka wa Uingereza, Waairishi wakiwamo, vifurushi vilipofika waliacha kunywa supu ya kambi, na supu ile ikaenda kwa Warusi. Wapo waliowapa bure. Wapo waliowapa kwa kufuliwa nguo na kusafishiwa viatu. Kwa hiyo kopo lile la nyama lililompa Mwairishi uwezo wa kumkatalia Mjerumani lilimpa pia uwezo wa kuwa na mtumishi. Nje ya kambi, katika majira ya baridi ya 1916 na 1917, Wajerumani wenyewe walikula tanipu, mboga ya mizizi waliyozoea kulisha mifugo, huku treni zao zikibeba maziwa ya kopo kuwapelekea mateka wa nchi iliyowazibia bahari. Wizi ulikuwepo, na uliongezeka kadiri vita vilivyosonga. Bado vifurushi vingi vilifika, jambo ambalo sijui kulieleza ila kwa kusema kwamba mahali fulani kati ya mpaka na kambi kulikuwa na makarani na wapagazi wenye watoto nyumbani, na hawakufungua.

Tarehe 21 Machi 1918 Wajerumani walishambulia upande wa magharibi, na Divisheni ya 16 ya Kiairishi ilikuwa miongoni mwa zilizopigwa vibaya zaidi. Maelfu walitekwa katika mashambulizi ya miezi ile. Wengi hawakupelekwa kambini. Walibakizwa nyuma ya mstari wa vita, Ufaransa na Ubelgiji, kubeba mabomu na kutengeneza barabara, na majina yao yalichelewa kuandikishwa au hayakuandikishwa. Kifurushi kinahitaji jina na anwani. London na Dublin mkate ulikuwepo, mabibi wa kamati walikuwepo, fedha zilikuwepo, na watu wakawa wanakula nyasi na maganda ya viazi.

Walipopitishwa vijijini, wanakijiji wa Ubelgiji walisimama kando ya barabara na kuwarushia mkate, wakati mwingine kipande tu, ingawa walikatazwa na walinzi waliwapiga kwa vitako vya bunduki. Nao walikuwa na njaa. Hawakujua waliowarushia ni Waairishi au Waingereza, wala nani kati yao aliwahi kumzomea nani. Msafara ulikuwa unatembea, na aliyedaka alikuwa ameshapita kabla hajafungua mdomo.